Sheria Iliyolinda Makochi

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alituacha Singida akaenda kuoa kwingine, na mimi nikaacha darasa la tatu nikaenda kubeba magunia sokoni. Shida yangu ilianzia hapo na shule yangu ikaishia hapo. Kwa hiyo nyie vijana mnaofanya kazi Plano, hapa Texas, kwenye maofisi ya vioo, mnaoniamkia shikamoo huku mnaangalia simu, jueni kwamba haya hayakuandikwa na msomi. Nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu, binti yangu Zuhura akayapiga chapa. Nilimkataza kunisahihisha. Najua amesahihisha kidogo.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kutoa vitu vya watu nje. Sisemi kuhamisha, maana anayehama anajua anakokwenda. Mimi niliitwa pale mpangaji alipokwisha kushindwa kesi, hakimu ameamua, na konstebo amebandika karatasi mlangoni kwamba baada ya saa ishirini na nne anarudi. Konstebo ndiye askari anayetekeleza amri ya mahakama. Anasimama mlangoni na bunduki yake kiunoni, hagusi hata kijiko. Mwenye nyumba ndiye anayeleta wabebaji, na wabebaji ndio sisi. Gari lilikuwa langu, na msimamizi nilikuwa mimi. Nimefanya kazi hiyo Lewisville, Dallas na Fort Worth mpaka 2020.

Kuna wanaonikunjia uso nikisema hivyo. Mimi huwauliza: kabati la mama yako ungependa libebwe na anayejua au asiyejua? Kwa sababu kuna kujua. Ukiingia kwenye nyumba ya watu usikimbilie kochi. Uliza kwanza dawa ziko wapi na hati ziko wapi, umkabidhi mwenyewe mkononi. Hilo nililijua baada ya kufunga sanduku la mzee mmoja wa Fort Worth, insulini yake ikiwa ndani, tukalirundikia masanduku mengine kumi na tano. Tulikaa pale nje tunafungua moja moja, konstebo anaangalia saa. Insulini ikawa kwenye la kumi na sita.

Friji ibebwe imesimama, na mwambie mwenyewe asiiwashe mpaka itulie saa kadhaa. Droo za kabati usizimwage. Zizungushie nailoni uzibebe na nguo zake. Godoro litoke mwisho, maana likitangulia ndilo wapita njia wanaloliangalia, na hakuna mtu anayetaka godoro lake lionwe na jirani. Sufuria yenye chakula usiimwage hata kama umeambiwa. Ifunike, itoe, iweke mahali watoto wataifikia.

Na mwendo. Nyumba ya vyumba viwili niliimaliza kwa saa moja na nusu, na kikombe hakivunjiki. Niliwahi kumsikia konstebo mmoja akimwambia mwenzake kwamba akiniona mimi anajua atawahi chakula cha mchana. Niliiweka moyoni sifa hiyo miaka mingi. Leo sijui kwa nini.

Mwaka 2017 nikampata Deo. Ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, Mkatoliki wa kuhudhuria misa kabla ya kazi, mwembamba kama mpini wa fagio. Alikuwa amechoka kufunga masanduku ghalani, akaja kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kubeba friji, na mkanda wa mgongoni anaouvaa nilimnunulia mimi. Nayasema haya mapema ili yajulikane.

Mwezi wa tatu tu tangu aanze, tukawa kwenye duka la vyakula vya kwetu pale Lewisville, mimi na yeye tunatafuta unga. Akaja mama mmoja tuliyemtoa wiki chache nyuma. Nikajiandaa kutukanwa, maana nimezoea. Yule mama akamshika Deo mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza watoto hawajambo, misa iko saa ngapi Jumapili, akamtilia fungu la matembele kwenye kikapu. Mimi nimesimama pale. Yule mama aliangalia viazi vikuu vilivyokuwa nyuma yangu. Kabati lake la vioo nililibeba mimi kwa mikono hii, halikupata hata mkwaruzo.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu, Mama Zuhura.

"Labda ana uso mzuri," akasema.

"Na mimi?"

"Wako ni wa kazi, baba."

Tangu siku hiyo nikaanza kuhesabu wanaomsalimia. Sioni haya kuwaambia. Mtu mzima, mwenye gari na watu wa kuwalipa, nilikuwa natembea dukani nikihesabu salamu za kibarua wangu. Zilikuwa nyingi, na zilizomrukia bosi wake ndizo zilizoniuma zaidi. Niliona ni mvivu anayejua kuchekea watu. Ukimweka jikoni anafunga vikombe kwenye magazeti, kimoja kimoja, kama anamvika mtoto nguo za ubatizo. Nyumba za saa moja na nusu zikawa za saa tatu. Mara tatu mvua ilitukuta kazini, konstebo akasema simamisheni, rudini siku nyingine, na mpangaji akabaki ndani.

Hapa niwaeleze ujinga wangu. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka saba, na miaka yote saba niliamini tunasimamishwa kwenye mvua ili sisi wabebaji tusiteleze. Sikuambiwa na mtu. Niliona tu kwamba mvua ikinyesha kazi inasimama, nikajitungia sababu. Tena niliisifia nchi hii kwa hilo. Nikipiga simu Singida nawaambia, huku mbebaji anathaminiwa, hata tone likidondoka askari anasimamisha kazi.

Shemeji yangu Hamisi yuko Washington, kwenye mji mkuu, naye anafanya kazi kwenye majumba ya kupangisha. Siku moja mwezi wa kwanza akanipigia, nikamwambia niko njiani kwenda kumtoa mtu.

"Leo? Si kuna baridi huko?"

"Baridi kali sana."

"Kwetu wakisikia utabiri kwamba maji yataganda, hawamtoi mpangaji siku hiyo. Ni sheria."

"Hata bila mvua?"

"Shemeji, mvua ya nini? Mtu anakufa kwa baridi kavu."

Alilisema kwa maringo, kana kwamba aliitunga yeye. Nilikata simu nikiwa na wivu na mji mzima. Wenyeji wa hapa watakwambia Texas haina baridi. Mchukue mmoja umkalishe kwenye nyasi mwezi wa kwanza, upepo wa kaskazini unashuka na hakuna kilima cha kuuzuia, umwache na meza yake na taa yake, kisha urudi umuulize.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa kwanza 2018, Jumanne, Lewisville, ghorofa ya chini. Mpangaji alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akifua mashuka hotelini mpaka alipojifungua. Tumwite Mama Neema. Aliishi na mama yake mzee na mtoto wa miezi mitano. Alikuwa amepata chumba Fort Worth kwa mtu wa kanisani kwao, lakini funguo ni Ijumaa. Alinisubiri mlangoni mtoto akiwa mgongoni.

"Papa, siku tatu tu. Ijumaa niko na fasi. Leo siko nayo."

"Mama, mwambie konstebo. Mimi nabeba tu."

Konstebo alishaambiwa. Alisema pole, amri ni amri. Kulikuwa na baridi ya kuuma masikio lakini nje kukavu kabisa, mawingu tu ya rangi ya sufuria kuukuu. Tulikuwa wanne: mimi, Deo na vibarua wawili wa siku hiyo. Saa nne tukaanza. Saa nne na nusu nikapita jikoni, nikamkuta Deo na gazeti lake.

"Deo, unatoa vitu au unafunga zawadi?"

"Kaka Rajabu, hivi vikombe vimetoka Bukavu, vikapita kambini, vikapanda ndege. Visije kufia Lewisville."

"Umeshika hichohicho tangu nilipopita mara ya kwanza."

"Ni kikombe kizuri."

Mama Neema akacheka. Nilishangaa mtu wa kutolewa nje anacheka nini. Ndipo nikamwona anatupa jicho dirishani, na Deo naye anatupa jicho dirishani, kama watu wawili wanaosubiri basi moja. Nikamsogelea Deo.

"Mnangoja nini?"

Akashusha sauti. "Utabiri unasema saa sita kutadondoka mvua ya chembe za barafu. Ikianza, konstebo anasimamisha. Siku zake za wiki hii zimejaa, atarudi wiki ijayo. Mama atakuwa ameshapata funguo."

"Najua atasimamisha. Ili tusiteleze."

Deo akaweka kikombe chini, akanitazama. Hakucheka, na nilitamani angecheka.

"Nani alikuambia hivyo, kaka?"

Nikaangalia dirishani.

"Si sisi. Ni vitu. Sheria ya hapa inakataza vitu vya mpangaji kuwekwa nje wakati mvua inanyesha, au barafu, au theluji. Nilimuuliza konstebo mwaka jana, akanieleza vizuri tu."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Na baridi?"

"Baridi haimo. Baridi hailowanishi kochi."

Miaka saba nimesimama na wale makonstebo, nimewabebea kahawa, sijawahi kuwauliza swali moja. Nilijua bosi haulizi, bosi huulizwa. Na huyu aliyekuja juzi aliuliza akajibiwa. Hapo vikombe vyote vikanijia pamoja, na zile mara tatu za mvua, na matembele ya bure. Kumbe hawakumpenda kwa uso. Alikuwa anawanunulia siku, chini ya pua yangu, kwa gari langu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema hapana," akajibu, akachukua kikombe kingine.

Vijana, nataka muelewe vizuri kilichofuata, na sitaki mnitafutie udhuru. Haraka yangu haikuwa ya pesa. Tulilipwa kwa nyumba, na siku ikivunjwa na mvua tulilipwa hivyohivyo. Sikumwogopa konstebo. Mwenye nyumba hakuwepo. Nilijua kabisa kwamba nikipunguza mwendo kidogo, yule mama na mtoto na bibi watalala ndani mpaka Ijumaa. Nilijua pia kwamba barafu ikianza, atakayeshikwa mkono kwa mikono miwili ni Deo.

Nikamwambia, "Toka jikoni. Kashike godoro."

"Kaka."

"Kashike godoro, Deo."

Nikaingia jikoni mwenyewe. Vikombe nilivifunga kwenye mataulo, vinne vinne, sufuria ndani ya sufuria, visahani katikati ya nguo za mtoto. Nikawapigia makelele vibarua wawili, wakakimbia na makochi. Nilibeba friji na mtu mmoja badala ya wawili. Sikuwahi kufanya kazi vizuri namna ile, kabla wala baada. Saa tano na nusu nyumba ilikuwa tupu, fundi akabadilisha kitasa, konstebo akasaini karatasi zake na kuondoka. Hakuna kikombe kilichovunjika. Chembe za barafu zikaanza kudondoka yapata dakika ishirini baadaye, juu ya makochi yaliyokuwa tayari nje, na kwa kuwa tuliyatoa kukiwa kukavu, hakuna sheria iliyovunjwa.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mezani, blanketi kichwani. Majirani wakaleta nailoni wakafunika walichoweza. Mimi nikawasha gari langu, nikawasha na joto, nikafungua mlango.

"Mama, ingia na bibi na mtoto. Muote moto."

"Aksanti papa," akasema Mama Neema, bila hasira yoyote. "Tunangoja Deo."

Deo alikuwa amekwenda upande wa pili wa maegesho kuleta kigari chake, kile ambacho mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Wakasimama kwenye barafu wakakisubiri. Gari langu liko pale, mlango wazi, joto linatoka bure. Bibi akapita mbele yake kwenda kuingia kwenye kigari cha kamba.

Siku tatu walilala sebuleni kwa Deo, na Deo mwenyewe ana watoto watano kwenye vyumba viwili. Mimi nilikuwa na nyumba yenye chumba kitupu. Niliwaza mpaka jioni, nikapiga simu kusema waje kwangu.

"Wameshakula, kaka, wametulia," Deo akanijibu. "Asante."

Jumatatu akaja kazini kama kawaida. Hakunisema. Angenitukana ningempenda zaidi, tungekuwa sawa.

Msidhani niligeuka mtu mwema. Niligeuka mfunga vikombe. Kila asubuhi nilimpigia Zuhura simu anisomee utabiri, na kukiwa na wingu nashika gazeti, nafunga kimoja kimoja, nakohoa, naenda chooni, nauliza maswali ya kipuuzi kuhusu mapazia. Ilitusaidia mara kadhaa mwaka ule na uliofuata, mvua ikawakuta watu bado ndani. Nilitaka nishukuriwe, nawaambia ukweli. Tukishamaliza walikwenda kumshukuru Deo.

Mwaka 2019 Deo alimwoza binti yake Houston, akanialika. Ukumbi ulijaa. Nilitambua sura pale, na nikazihesabu, zile ambazo niliwahi kubeba vitanda vyao. Zilikuja kwa magari kutoka Dallas, saa nne barabarani, kwa harusi ya mtoto wa kibarua. Kwenye foleni ya chakula anayepakua wali alikuwa Mama Neema.

"Papa wa mbio," akasema aliponiona. Kumbe nina jina.

Nilikuwa na sahani mkononi na watu nyuma yangu. Nikamwambia, kwa sababu nisingesema pale nisingesema popote, "Siku ile nilijua mvua inakuja. Deo alinieleza. Nilijua."

"Nilikuona," akasema. "Uliangalia dirisha, kisha ukavua koti."

Nilikuwa nimesahau kwamba nilivua koti. Akanipakulia wali, akaongeza nyama, akaongeza tena.

"Kula, papa. Kitapoa."

Hakunisamehe wala hakunilaumu. Alinilisha kama mgeni yeyote. Nikarudi mezani nikala, na wivu ukala na mimi.

Halafu ikaja 2020 na ule ugonjwa. Kesi za kutoa watu zikasimamishwa kwa muda, mahakama zikafungwa, na serikali ileile iliyonituma milangoni ikawa inawaambia watu wakae majumbani. Nilikaa kwenye gari langu nikiwaza: kumbe inawezekana. Karatasi moja inaandikwa na konstebo anabaki nyumbani. Niliwaonea wivu wapangaji wa mwaka ule, wazima na wagonjwa. Nikastaafu, tukahamia Stafford, kando ya Houston, karibu na Zuhura. Deo alibaki Lewisville, kwenye vyumba vyake viwili.

Baadhi yenu mtakuwa mameneja wa majumba haya, wengine mtakuwa mawakili, mna akili za kutosha. Mkikuta sheria inakataza jambo, ulizeni inamlinda nani. Ulizeni hata kama mnaonekana wajinga. Mimi nilikuwa nafanya kazi ndani ya sheria iliyolinda kochi kuliko mtoto, nikaipigia makofi, kwa kuwa nilidhani inanilinda mimi. Na mkipata nafasi ya kumwachia mtu siku tatu, mwachieni, hata kama sifa zitakwenda kwa mwingine. Zitakwenda kwa mwingine. Mimi bado inaniuma, na sijifichi.

Leo nina nyumba Stafford, vyumba vinne, deni limekwisha. Nina gari moja la mizigo na pikapu moja. Nina kiwanja Singida, kimezungushiwa ukuta. Nina friji mbili, moja ni ya nyama tu. Nina televisheni kubwa kuliko ya Hamisi. Nina meza ya mninga iliyokuja kwa meli, na viti vyake kumi na viwili. Tunavyokalia ni viwili.